Ukijibiwa "Ndiyo" Kibondo, Bado Hujajibiwa

(Mazungumzo kwa wafanyakazi wapya na wageni wanaojiandaa kwenda Kasulu na Kibondo. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakuwapo.)



Tumeombwa tuzungumze nanyi kuhusu tofauti za mila katika mawasiliano ya kila siku. Wengi wenu mmekwisha kulisikia somo hilo katika semina, likiwa na michoro ubaoni. Sisi hatuna michoro. Tutataja machache ambayo tumeyaona yakiharibu kazi, au yakiiokoa.

Baadhi yenu mmetoka ng'ambo. Ninyi hatuwahofii sana, kwa sababu mnajua kwamba mnakwenda ugenini, na mtu anayejijua kuwa mgeni hutazama anapokanyaga. Tunaowahofia ni ninyi ndugu zetu wa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, mnaodhani kwamba kwa kuwa mnajua Kiswahili basi kule mtakuwa nyumbani.

Kule ni Buha. Wenyeji ni Waha, na lugha yao, Kiha, ni ndugu wa karibu wa Kirundi, kiasi kwamba Muha wa Kibondo na Mrundi wa ng'ambo ya mpaka huelewana bila mkalimani. Mpaka mwaka 2012 Kakonko ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo na Buhigwe sehemu ya Kasulu, kwa hiyo msishangae mzee wa Buhigwe akiwaambia kwamba yeye ni mtu wa Kasulu. Juu ya wenyeji wakaja wakimbizi. Warundi walimiminika mwaka 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, wakaja tena kwa wingi kuanzia Aprili 2015. Wakongomani walifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mwaka 1996. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba 2015. Ndiyo maana katika foleni moja ya zahanati mnaweza kumkuta Muha, Mrundi, Mkongomani wa Fizi au Uvira, muuguzi kutoka Tanga na daktari kutoka Ulaya. Karibu wote watasema kwamba wanajua Kiswahili, na kila mmoja atakuwa anasema kweli kwa namna yake.

Tuanze na salamu, maana huko ndiko wengi huharibu kabla hata hawajakaa. Mtanzania amelelewa kwamba mkubwa anaamkiwa "shikamoo". Mkongomani hakulelewa hivyo. Kwake salamu ya kawaida ni "jambo", nayo huitoa kwa moyo mmoja, kwa mzee na kwa kijana. Sasa sisi wa Tanzania "jambo" tumewaachia watalii. Kijana wa Nyarugusu anapomwambia mama wa Kitanzania mwenye mvi "Jambo, mama," mama huyo anaona amedharauliwa, na kijana anashangaa kwa nini mama amenuna. Tumemsikia mtumishi mmoja akisema kwamba wakimbizi hawana adabu, na ushahidi wake wote ulikuwa neno hilo moja. Mrundi naye atasema "Amahoro", yaani amani. Asubuhi atasema "Mwaramutse", na mchana "Mwiriwe". Jifunzeni hayo matatu na mtaona nyuso zinavyofunguka.

Salamu za kule ni za mwili pia. Mtu anakupa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika mkono wake mwenyewe karibu na kiwiko. Hiyo ni heshima. Haumwi mkono, kama alivyodhani mgeni mmoja aliyeuliza kama kuna dawa ya kuchua. Kijana au mwanamke akisema nawe huku akitazama chini, usiandike kwamba anaficha jambo. Amefundishwa kwamba kumkazia macho mtu unayemheshimu ni ujeuri.

Kuna pia salamu za makanisa, nazo zina mtego wake. Kasulu ndiyo makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana. Wakatoliki wapo wengi, Wapentekoste wapo, Waadventista wana hospitali yao ya Heri upande wa Buhigwe, na Waislamu wapo. Ukisema "Bwana asifiwe" umekwisha kujitaja, na ukisema "Tumsifu Yesu Kristo" umejitaja pia. Si vibaya kujulikana. Lakini ukiingia katika kikao cha kijiji kugawa mbegu na kuanza na salamu ya kanisa lako, wapo watakaokaa nyuma wakidhani mbegu zina wenyewe. "Habari za asubuhi" inawatosha wote.

Na msiwe na haraka. Kule husemi shida yako kabla hujauliza habari za nyumbani, za watoto na za mashamba. Jambo hili ni la zamani. Novemba 1871 Henry Morton Stanley alipita Buha na msafara wake akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone. Wakuu wa Waha walimtoza hongo, akatoka kwa huyu akafika kwa yule, mpaka mwishoni akapata kiongozi wa njia aliyempitisha porini usiku ili asiwaone wengine waliobaki. Yeye alihesabu kwamba ameibiwa. Kwa mwenye nchi, mtu mwenye bunduki na mizigo ya nguo anayepita bila kubisha hodi kwa mkuu ndiye aliyekuwa wa kutiliwa shaka. Hatuwatetei wakuu wale, huenda walizidisha bei. Tunasema tu kwamba kila upande ulikuwa na hesabu yake.

Sasa Kiswahili chenyewe. Mkongomani akikuambia anatafuta makala, usimpe jarida. Makala kwake ni mkaa. Sombe ni kisamvu, na lengalenga ni mchicha. Mtoto akisema amekuja na yaya wake, hajaja na mtumishi wa kulea watoto. Amekuja na kaka au dada yake mkubwa. "Papa" ni baba, ingawa mtu wa pwani ataona samaki mwenye meno. Na ninyi vijana wa Dar es Salaam mliozoea kuitana "Oya!" barabarani, jueni kwamba "oya" kwa Kirundi ni hapana. Unamwita mtu kwa sauti kubwa, yeye anasikia unamkatalia kabla hajaomba.

Haya yanachekesha, nasi tumeyacheka sana. Lakini lipo moja ambalo halichekeshi. Mama wa Kikongomani anamleta mtoto mwenye homa, anasema, "Nilimpeleka kwa munganga." Muuguzi wetu anasikia "mganga". Akilini mwake anaona tunguri na hirizi, anaanza kumgombeza mama kwa kumchelewesha mtoto. Kumbe munganga kwa Wakongomani ni daktari, au muuguzi wa hospitali. Mama alikuwa anaeleza kwamba mtoto amekwisha kutibiwa mahali na pengine amepewa dawa. Habari ambayo muuguzi aliihitaji kuliko zote, yaani ni dawa gani na lini, inapotelea katika ugomvi, na mama aliyegombezwa hatasema tena. Tunawaomba wauguzi: mkisikia neno linalowaudhi, ulizeni kwanza, "Huyo munganga alikuwa wapi? Alimpa nini?"

Kuomba nako kuna namna. Mtanzania dukani husema "naomba chumvi" hata kama anailipia. Mkongomani atasema "unipe", na Mkenya "nipe" au "leta". Hakuna tusi hapo. Wenye duka wa Kasulu wamekwisha kuzoea, wageni ndio hununa.

Saa tutaipitia upesi. Ninyi wa Ulaya, saa mbili asubuhi ni saa nane yenu. Andikeni mnavyoandika, lakini mkisema kwa mdomo ongezeni neno asubuhi au mchana, kisha hesabuni mara mbili. Na wote mkumbuke kwamba Burundi na Kivu ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ikiwa saa 2 asubuhi Mabamba au Manyovu, mita chache mbele, ng'ambo ya mpaka, ni saa 1. Mtu aliyevuka kuja kwenye kikao chenu akichelewa kwa saa nzima kamili, huenda hakuchelewa.

Kuna jambo la majina, ambalo limesumbua watu wengi mbele ya meza za kuandikishwa. Fomu nyingi zinauliza "jina la ukoo". Kwa Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, mara nyingi likiwa ni sala au maneno ya wazazi wakati ule alipozaliwa. Hakizimana ni kusema Mungu ndiye aponyaye. Nzeyimana ni kusema namtumaini Mungu. Ndayishimiye ni kusema ninamshukuru. Hao watatu wanaweza kuwa watoto wa tumbo moja, na baba yao akawa na jina la nne. Karani asiyejua anaona watu wanne wasio na undugu wanaodai chumba kimoja na kadi moja ya chakula. Msiulize ukoo. Ulizeni, "Mama yako nani? Baba yako nani? Mlizaliwa wangapi?"

Kabla hatujaendelea, tuseme neno kwa upande wa pili, kwa maana katika semina hizi msafiri huwa ni mtu anayekwenda Kigoma tu. Waha nao ni wasafiri wa siku nyingi. Wakati wa Waingereza vijana wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba. Walirudi na nguo, na baiskeli kwa aliyejaliwa, na Kiswahili cha pwani. Leo kijana wa Kibondo akisafiri kwenda mikoa mingine na kufungua kinywa, lafudhi yake inamtangulia. Anaulizwa, "Wewe ni Mrundi?" Wakati mwingine ni utani wa kwenye basi. Wakati mwingine anayeuliza ana madaraka, na anataka kuona vitambulisho ambavyo abiria wa pembeni hakuulizwa. Tunawaambia haya ili mjue kwamba swali la "Wewe ni kabila gani?", ambalo kwa mtu wa Dar es Salaam ni njia ya kuanzisha utani, kwa mtu wa Buha linaweza kuwa swali la polisi. Subirini akutajieni mwenyewe.

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tukubali kuja: ndiyo.

Kwanza, ndiyo ya Kiswahili chetu sote. Ukimwuliza mtu, "Hujameza dawa?" naye akajibu "Ndiyo," amesema kwamba ni kweli, hajameza. Mwenye lugha ya Kiingereza anaposikia "ndiyo" kupitia kwa mkalimani huandika kwamba amemeza. Kosa hilo ni dogo kwenye karatasi na kubwa kwenye mwili wa mgonjwa. Dawa yake ni rahisi: msiulize kwa kukanusha. Ulizeni, "Dawa ulimeza lini mara ya mwisho?"

Pili, kuna ndiyo ya heshima, na hiyo ni ngumu zaidi. Katikati ya miaka ya 1950 mwanaanthropolojia mmoja Mmarekani, Ethel Albert, aliishi Burundi akichunguza jinsi watu wanavyosema. Mwaka 1964 alichapisha makala (makala ya Kitanzania, si mkaa). Alieleza kwamba katika mikutano watu walisema kwa kufuata cheo na umri, mkubwa akitangulia. Mdogo alipofikiwa na zamu hakusema kwamba mkubwa amekosea. Alianza kwa kukubali, akasifu aliyotangulia kusema mkubwa kwa kuwa yeye ameona mengi, kisha polepole, kwa kuzunguka, akatoa maoni yaliyo kinyume kabisa. Aliyekuwa akisikiliza mwanzo tu wa maneno alidhani wote wamekubaliana. Burundi imebadilika sana tangu wakati huo, na hatusemi kwamba kila Mrundi au Muha wa leo yuko hivyo. Wapo wanaosema wazi kutuzidi sisi. Lakini nenda kwenye mkutano wa kijiji Kibondo, ukae mpaka mwisho, na utaona kwamba mama yule bado hakukosea.

Tunajua mradi mmoja wa maji. Wataalamu walikuja, wakapima, wakaitisha mkutano, wakauliza kama pampu iwekwe mahali pale walipopachagua, jirani na nyumba ya mzee mmoja anayeheshimika. Wote walisema ndiyo. Mwanamke mmoja, alipopewa nafasi, alishukuru, akasema pamewekwa vizuri, akamalizia, "na sisi kina mama tutazoea." Ikaandikwa kwamba kina mama wamekubali. Pampu ikajengwa, na kina mama wakaendelea kuteremka bondeni kwenye kijito, kwa kuwa hawakutaka kuchota maji kila siku mbele ya macho ya nyumba ile. "Tutazoea" ndiyo iliyokuwa hapana yao. Mtu huzoea jambo asilolipenda. Neno hilo lilisemwa mbele ya watu wote kwa Kiswahili safi, na hakuna aliyelisikia.

Kwa hiyo, msikilize yanayokuja baada ya shukrani. Mkisikia "ila", "labda", "tutazoea", "tutajitahidi", "kama wakubwa mnavyoona", simamisheni kalamu. Msimbane msemaji palepale mbele za watu. Mtamwaibisha na atakana. Kaeni na kina mama peke yao, vijana peke yao. Ulizeni kwa kuwataja wengine: "Wapo watakaoona pampu hii iko mbali? Wanasemaje?" Mtu asiyeweza kusema lake atasema la jirani. Rudini kesho yake mpite bila daftari. Na penye dawa, msiulize "Umeelewa?", kwa maana hakuna mtu mwenye adabu atakayekuambia kwamba umemweleza vibaya. Mwambie, "Nionyeshe utakavyompa mtoto jioni."

Sasa fikirini ndiyo hiyohiyo ikiwa mbele ya swali zito kuliko pampu. Kwa miaka mingi wakimbizi wa Kirundi katika wilaya hizi wamekalishwa mbele ya meza na kuulizwa kama wanataka kurudi kwao, na kama hawataki, waeleze sababu. Mwaka 2012 Serikali ilitangaza kwamba Warundi wengi wa kambi ya Mtabila, Kasulu, hawahitaji tena ukimbizi. Walihojiwa familia kwa familia, wachache wakaonekana kwamba bado wanahitaji ulinzi, na kati ya mwisho wa Oktoba na Desemba zaidi ya watu 30,000 wakarudishwa Burundi, kambi ikafungwa. Haikupita miaka mitatu Warundi wakaanza kukimbia tena, na kati yao walikuwamo watu wanaoijua Kasulu kwa sababu walikwisha kuishi humo. Tangu Septemba 2017, baada ya makubaliano ya Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, zaidi ya 100,000 wamerudi kwa utaratibu unaoitwa wa hiari.

Wapo wengi waliorudi kwa furaha, nasi tumewaaga kwa nyimbo. Mtu ana haki ya kuitamani ardhi ya baba yake. Swali letu ni dogo zaidi: hiyari hiyo ilisikilizwaje? Mjane aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mkubwa hapingwi, ameketi mbele ya meza yenye mihuri, anaulizwa na mtu mwenye cheo, kupitia kwa mkalimani kijana ambaye naye anaona haya kutafsiri maneno ya kuzunguka. Anasema, "Ndiyo, kama wakubwa mmeona ni vema." Kalamu inaandika nini? Sisi tunaona kwamba jibu la namna hiyo halijawa jibu, na mhoji anayeliandika kuwa ridhaa amefanya nusu ya kazi yake. Wengi wenu hamtakaa kwenye meza zile. Lakini mtakuwa wakalimani, wauguzi, walimu, watu ambao mjane huyo atawaendea jioni na kusema lile ambalo hakulisema asubuhi. Mlipokee, na kwa ruhusa yake mlifikishe.

Wakalimani, hili ni lenu hasa. Mtu akisema maneno arobaini, msimpe mhoji neno moja. Mpeni mzunguko wote, pamoja na kushukuru kwake na kusita kwake. Mhoji akichoka, achoke.

Mwishoni kijana mmoja alituuliza: "Na sisi tukiombwa kitu ambacho hatuna, tujibuje?" Ni swali zuri, maana sisi Watanzania nasi tuna ndiyo yetu ya heshima. Tunasema "tutaona", "nitalishughulikia", "njoo kesho kutwa", na kati yetu tunajua maana yake. Mkongomani aliyetembea kutoka upande wa pili wa kambi hajui. Yeye anarudi kesho kutwa kweli, na anakungoja mlangoni mpaka jua linazama. Mwambieni, "Mama, mablanketi mwezi huu hayapo. Nitakuja Alhamisi kukueleza kama yamefika." Na Alhamisi mwende, hata kama hayajafika.